Kijani kwa Dakika Mbili

Watu wengine wakiamka hutazama kama mbingu imefunga mawingu. Mama Pacha akiamka hutazama seva. Kabla hajavuta pazia, kabla wale pacha wake hawajaanza kugombea bomba la maji, simu imo mkononi na kidole kinateremsha ukurasa mpaka mstari wa saba. Mstari wa saba ndio wenye mashine ya diski mbili. Na pembeni yake, kwa wiki tatu mfululizo, kulikuwa na nukta nyekundu na neno moja tu: imeisha.

Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta isiyozimwa, inayokaa kwenye jengo la watu huko mbali, wewe ukiitumia kwa njia ya intaneti. Unaweza kupanga kipande chake, ukabanana na wenzako kama wapangaji wa nyumba yenye choo kimoja. Au unaweza kupanga mashine nzima, yako peke yako. Mama Pacha alipanga nzima. Kwa miaka sita alikuwa ameshika matokeo na ripoti za shule tisa, na siku ya matokeo wazazi wote hufungua simu kwa mpigo kama waliopulizwa filimbi. Ukiwa kwenye mashine ya kubanana, siku hiyo utajuta kuzaliwa.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikikodisha mashine zilizochoka kidogo, zilizoachwa na wateja wakubwa, kwa nusu ya bei ya kawaida. Hizo ndizo alizozimudu. Lakini hazikuwa nyingi, hazikuwa na ratiba, na dunia nzima ilikuwa imezitolea macho. Nukta inageuka kijani, unashusha pumzi, unaanza kuandika jina, anwani, namba ya kadi, hujafika katikati imerudi nyekundu. Mtu usiyemjua, kwenye nchi usiyoijua, kashabeba.

Na mashine yake ya zamani ilikuwa imeandikiwa barua ya kustaafu. Ijumaa jioni inazimwa, Jumatatu ni siku ya matokeo. Ya diski mbili ndiyo iliyomfaa, maana diski moja ikifa nyingine inaendelea na kazi, wala mzazi hajui. Mwalimu Mkuu, mama mmoja aliyezisemea shule zote tisa, alikuwa amenyoosha maneno kwenye simu:

"Ijumaa saa sita mchana nataka karatasi ya kukodi hiyo mashine, yenye jina lako wewe. Si la binamu, si la rafiki. Yule wa kabla yako alitukodia kwa jina la shemeji yake, wakagombana, tukakaa muhula mzima bila ripoti. Ukishindwa niambie mapema nitafute mwingine."

"Sitashindwa, Mwalimu."

"Sawa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeokota neno njiani: "Nasikia mdogo wako anazo nne."

Hapo ndipo roho ya Mama Pacha iliposhika moto.

Mdogo wake alikuwa kitindamimba wa mama yao, na jina likamganda hivyo hivyo: Kitinda. Walikuwa wamepanga chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Meza mbili, dirisha moja, feni moja iliyomgeukia kila mtu kwa zamu, na laini moja ya intaneti. Stashahada ya Mama Pacha ilikuwa imening'inia ukutani ndani ya fremu. Kitinda hakuwa na stashahada wala fremu. Kazi aliifundishwa na dada yake, kwenye chumba hicho hicho, tangu namna ya kushika kipanya, na siku za mwanzo alikuwa akikitafuna kifuniko cha kalamu kwa hofu kila alipoulizwa swali.

Sasa wateja walipanda ngazi, wakachungulia mlangoni, wakamwona Mama Pacha amekaa pale mwili mzima, wakauliza, "Yule mdogo hayupo?"

Na mama yao, akipiga simu, alianza na "Kitinda ameshakula?" Majirani aliwaambia kwamba mwanawe wa mwisho ana kompyuta nne ng'ambo. Wakimuuliza habari za mkubwa, alijibu, "Naye yumo yumo humo kwenye mambo ya kompyuta." Mama Pacha alikuwa amelisikia hilo kwa masikio yake, akiwa jikoni kwa mama, akimwoshea vyombo.

Siri ya Kitinda ilikuwa kijiprogramu alichokiandika mwenyewe, alichokiita mlinzi. Mlinzi aliangalia ukurasa wa ile kampuni kila baada ya dakika moja, mchana kutwa, bila kuchoka wala kwenda haja. Nukta ikigeuka kijani, mezani kwa Kitinda ililia sauti ya kuku aliyetaga. Kitinda aliweka kikombe chini, akabonyeza mara mbili tatu, akasema "Nimepata," kama mtu aliyeokota kifungo cha shati.

"Dada, nikuwekee na wewe mlinzi?" aliuliza siku moja. "Haichukui hata robo saa."

"Mimi nina macho," Mama Pacha alijibu.

"Macho hayaendi kazini saa nane za usiku."

"Yangu yanakwenda."

Kitinda alicheka. Hakukuwa na ubaya kwenye kicheko kile, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Pacha kuliko yote. Mtu mwenye ubaya unaweza kumchukia ukapumzika. Kitinda alikuwa hakupi nafasi hata hiyo.

Kuku akilia, fundi cherehani naye alipaza sauti kutoka chini: "Nyie akina dada, mnafuga huko juu? Mbona mayai hatuyaoni?"

"Fundi, shona!" Mama Pacha alimjibu kutoka dirishani.

Fundi hakuwahi kuielewa biashara yao. Alishawahi kupanda na suruali ya mteja begani, akauliza, "Yaani unapanga kompyuta ambayo hujapata kuiona?"

"Ndiyo."

"Kwa mtu usiyemjua?"

"Ndiyo."

"Na mimi unayenijua miaka minane, blauzi yako hutaki kuniachia siku mbili!"

Basi, Jumatano mchana, siku moja baada ya ile simu ya Mwalimu Mkuu, Kitinda alitoka kwenda kula. Aliiacha kompyuta yake wazi, kama kawaida yake, maana alikuwa ndani ya chumba cha dada yake na hakuwa na wa kumficha. Mama Pacha alisikia hatua zake zikiteremka ngazi, akasikia akimtania fundi, akasikia mlango wa mbele ukifungwa. Alikaa kidogo. Alitazama mstari wa saba. Nyekundu.

Akanyanyuka na flashi mkononi.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Alimnakili mlinzi, akarudi mezani kwake kama mtoto aliyeiba sukari. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye pacha darasa la tatu, mwenye stashahada ukutani. Alimfungua mlinzi kwenye kompyuta yake, akaanza kumsoma.

Mstari wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili ulikuwa safi zaidi. Kitinda hakuwa na neno la kupoteza. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama kabati la mtu asiye na watoto. Mama Pacha aliona hata vile vitu alivyomfundisha yeye, vimefanywa vizuri kuliko alivyovifundisha. Alifika katikati, akasimama. Akasema moyoni, imetosha, najua inavyofanya kazi. Palipoandikwa sekunde sitini akafuta akaweka kumi. Kitinda anaangalia kila dakika? Yeye ataangalia mara sita ndani ya dakika hiyo. Nusu ya chini hakuisoma. Asingeweza kuisoma bila kuisifu, na kumsifu Kitinda kulikuwa kunamshinda wiki hiyo.

Akaongeza sauti ya kompyuta yake mpaka mwisho, akamwasha mlinzi, akavuta kiti.

Kitinda aliporudi alimkuta dada yake anatabasamu peke yake.

"Kuna habari njema?"

"Ya nini? Siwezi kucheka?"

"Cheka, Dada. Unapendeza."

Jumatano ikapita kimya. Alhamisi asubuhi Mama Pacha alifika mapema, akafuta meza, akakagua sauti, akamwona mlinzi anahesabu zake bila matatizo. Saa nne kasorobo, akiwa ameshika kikombe cha chai, kuku akataga.

Lakini alitagia kwenye meza ya Kitinda.

Mama Pacha aliruka. Kompyuta yake ilikuwa kimya kama maiti. Akaipiga spika kofi. Kimya. Akafungua ukurasa: mstari wa saba, nukta ya kijani. Akashika kipanya, akaanza kuandika jina. Kule mezani kwa Kitinda kuku akataga tena. Na tena. Sekunde kumi, yai. Sekunde kumi, yai.

"Leo kuna nini?" fundi alipiga kelele kutoka chini. "Ametaga trei nzima!"

Mama Pacha alikuwa amefika kwenye anwani ya barua, akaandika nambari ya nyumba mara mbili, akafuta, akasikia sauti ya Kitinda, ile ile, tulivu:

"Nimepata."

Alipoinua macho kwenye kioo, nukta ilikuwa nyekundu.

Kuku akanyamaza. Kitinda aliichukua simu yake, ile iliyolala siku zote ubavuni mwa kompyuta. Simu ndiyo iliyokuwa ikilia. Miezi yote hiyo Mama Pacha alidhani inalia kompyuta. Kumbe mlinzi kazi yake ilikuwa kutuma ujumbe kwenye simu, na nambari ya simu ilikuwa imeandikwa kule chini, kwenye ile nusu ambayo hakuisoma.

"Ajabu," Kitinda alisema. "Ujumbe saba. Mmoja wangu." Alisogeza kidole. "Hizi sita nyingine zimetoka kwenye kompyuta inayoitwa..." Kila ujumbe wa mlinzi huishia na jina la kompyuta iliyoutuma. Mama Pacha alikuwa ameibatiza kompyuta yake siku alipoinunua, akaipa jina lake mwenyewe.

Kitinda aligeuka taratibu na kiti chake.

"Dada."

"Nini?"

"Umemchukua mlinzi wangu?"

Mama Pacha alitazama feni ikiwageukia, ikimpepea Kitinda, kisha yeye, kisha Kitinda.

"Nilimchukua."

"Ukamwacha na nambari yangu."

"Sikuisoma mpaka chini."

Kitinda alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. "Yaani wewe ndiye umenipatia hii mashine! Wangu alikuwa bado amelala, wako ndiye ameniamsha! Dada, umenifanyia kazi bure!"

"Usicheke."

"Sekunde kumi! Umeweka sekunde kumi!"

"Kitinda, nimesema usicheke!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoipima. Chini cherehani ikasimama. Kitinda akafunga mdomo, lakini macho yalikuwa bado yanacheka, akayageuzia dirishani.

"Hiyo mashine unaihitaji?" Mama Pacha aliuliza.

"Hii? Hapana, si sana."

"Basi kwa nini umeichukua?"

"Imelia. Ikilia nachukua, nimeshazoea. Kesho zinaweza zisiwepo."

"Ulizonazo zina nini ndani?"

Kitinda alikuna shingo. "Moja ina kazi. Moja ina picha za Mama."

"Na mbili?"

"Mbili ziko tupu. Nazipenda tu kuwa nazo."

Mama Pacha alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Mbili tupu! Wiki tatu hakulala, wiki tatu alikuwa akiamka saa nane za usiku kutazama nukta, na huyu mtoto ana mbili tupu, kama mtu mwenye sahani za wageni asizoalika wageni. Na sasa hii ya diski mbili, ya tano. Alitaka kusema jambo baya. Lilikuwa tayari mdomoni: bila mimi ungekuwa bado unatafuna kifuniko cha kalamu. Akalimeza, likashuka kwa shida.

"Shule zinataka karatasi kesho saa sita," alisema. "Kwa jina langu. Nisipokuwa nayo watampa mtu mwingine. Mwalimu Mkuu amekutaja wewe."

Kitinda hakuwa anacheka tena. "Mimi? Sijazungumza naye."

"Huna haja ya kuzungumza naye. Una nne."

"Kwa nini hukuniambia? Ungeniomba kitambo, Dada. Si ningekupa mlinzi? Nilikwambia mwenyewe nikuwekee!"

"Ndiyo maana sikukuomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungenipa." Mama Pacha alisikia sauti yake imepasuka, akaikohoa ikae sawa. "Ungenipa, tena unacheka, tena robo saa tu, na mimi ningekaa pale na stashahada yangu nikisema ahsante. Nimekufundisha mimi. Umenipita. Wateja wanakuuliza wewe, Mama anakuuliza wewe. Nina wivu na wewe mpaka nasikia ladha yake mdomoni. Haya, nimesema. Furahi."

Kitinda hakufurahi. Alishika kifuniko cha kalamu kilichokuwa mezani, akakitazama, akakirudisha.

"Unajua mashine haihamishwi jina," alisema mwishowe. "Kampuni haikubali. Nikikupa nywila uitumie, karatasi itaendelea kuwa na jina langu."

"Najua."

"Njia ni moja tu. Niiachie. Nivunje mkataba, wao waisafishe, irudi kwenye ukurasa, wewe uichukue."

"Najua. Na dunia nzima itakuwa inaingoja."

"Hata saa hatuijui. Wakati mwingine inarudi baada ya saa mbili, wakati mwingine kesho yake. Nikibonyeza hapa sina tena madaraka nayo." Kitinda alikunja mikono kifuani. "Kwa hiyo niombe."

"Nini?"

"Kuiba umeweza. Sasa niombe. Kwa mdomo wako."

Mama Pacha alimtazama. Uso wa Kitinda haukuwa na mzaha, na ulifanana na wa mama yao kupita kiasi. Kushika ngazi ateremke, aende kwa fundi akae na vitambaa, lilikuwa jambo rahisi. Alifikiri juu ya wazazi wa shule tisa siku ya Jumatatu, wakigonga kioo cha simu.

"Mdogo wangu," alisema, "nakuomba uniachie hiyo mashine."

"Na mlinzi?"

"Na mlinzi. Nakuomba unirekebishie mlinzi."

Kitinda aligeukia meza yake akabonyeza. Kampuni ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Ikauliza mara ya pili, kama mama mkwe. Akabonyeza. Mashine ya tano ikafutika kwenye orodha yake, wala kwenye mstari wa saba haikuonekana. Ilikuwa imekwenda zake, haina mwenyewe.

Kisha alivuta kiti mpaka mezani kwa dada yake. Akafungua nusu ya chini, ile isiyosomwa, akabadilisha nambari. Sekunde kumi akazifanya ishirini, maana kumi, alisema, kampuni ikichoka inakufungia mlango. Akamfanya dada yake ajaze fomu mapema, jina, anwani na kadi, ihifadhiwe kwenye simu, pabaki pa kuandika tarakimu tatu za nyuma ya kadi tu.

"Sauti gani nikuwekee?"

"Yoyote, mradi si kuku."

Kitinda alitafuta tafuta, akachagua mwenyewe, akakataa kusema amechagua nini. "Utaijua tu ikilia."

Saa tano. Saa sita. Saa saba hawakutoka kula. Fundi aliwaletea chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, akaona nyuso zao, akaziweka akashuka bila utani. Saa nane nukta ilikuwa bado nyekundu. Kitinda alifanya kazi zake, Mama Pacha alijifanya anafanya zake. Kila baada ya muda wivu ulimjia tena, safari hii umevaa nguo nyingine: na kama anajuta? Na kama simu yake ikilia kwanza, ataichukua kwa mazoea kama alivyoichukua asubuhi? Mlinzi wa Kitinda alikuwa bado anafanya kazi. Hakuna aliyesema azimwe. Mama Pacha aliona aibu kusema, na Kitinda hakusema.

Saa tisa ikafika, na pacha hawajui habari za seva. Shule inafungwa saa tisa, mtoto asiyechukuliwa analia getini.

"Nenda," Kitinda alisema. "Simu unayo."

"Nitarudi mbio."

"Nenda, Dada."

Getini kulikuwa na wazazi kama hamsini, jua la utosini limehamia shavuni, vumbi, na watoto wanaotoka kwa makundi. Pacha wa kiume alitoka na kiatu kimoja. Pacha wa kike alitoka na maelezo marefu kuhusu kile kingine. Mama Pacha alikuwa ameinama, anauliza kiatu kimefikaje juu ya bati la darasa, kitoto kichanga kilipoanza kulia ndani ya mkoba wake.

Kililia kwa uchungu wote wa dunia. Wazazi waligeuka. Bibi mmoja mwenye miwani akasema, "Mama wewe, umemweka mtoto kwenye mkoba?"

"Ni seva!" Mama Pacha alijibu, akaumwaga mkoba chini: funguo, kitana, leso, daftari, simu. Kijani. Ilikuwa kijani. Akabonyeza palipoandikwa agiza.

"Mama, kiatu kimesema paa..."

"Kimya!"

"Mama, ananisukuma!"

"Msukumane kimya!"

Tarakimu tatu. Aliziandika kwa kidole gumba, goti likiwa kwenye vumbi, yule bibi akimsimamia kichwani kuona kama kweli hamna mtoto. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kwa muda huo Mama Pacha hakuwafikiria watu wa dunia nzima, wale wasiojulikana na walinzi wao. Alimfikiria mtu mmoja, kwenye chumba kimoja, mwenye vidole vyepesi.

Kiduara kikasimama. Imekubaliwa. Chini yake jina lake lote, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye stashahada.

Alikaa pale pale chini, kwenye vumbi.

"Hamna mtoto kweli," yule bibi aliwatangazia wenzake.

Alipanda ngazi za ofisini na pacha wawili na viatu vitatu. Mlangoni alisimama. Kitinda alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, ukurasa umefunguka mstari wa saba, simu ubavuni. Mikono haikuonekana. Alikuwa ameikalia, yote miwili, viganja vimebanwa chini ya mapaja, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Ni wewe?" aliuliza bila kugeuka. "Imekaa kijani dakika mbili nzima ikapotea. Niambie ni wewe."

"Ni mimi."

Kitinda aliachia pumzi, akaitoa mikono. Ilikuwa na alama za mistari ya kiti. Alianza kuvikunjua vidole kimoja kimoja. "Ililia tu, vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Nikaona heri niikalie."

Mama Pacha aliwapa pacha karatasi na kalamu wachore, akakaa, akatoa nakala ya ile karatasi ya kukodi, akamtumia Mwalimu Mkuu. Jibu lilikuja papo hapo: Nimeipata, endelea. Akaanza kuhamisha ripoti za shule ya kwanza kutoka mashine ya zamani kwenda mpya. Mikono ilikuwa ikifanya kazi na akili iko kwenye meza ya pili. Angekuwa yeye, alasiri ile, angeikalia? Alijipima kwa haki, kama anavyompima mteja. Jibu alilipata upesi, wala halikumpendeza. Asingeikalia. Angechukua, kisha angetafuta sababu. Kwa hiyo hata hilo Kitinda alikuwa nalo na yeye hana, na hapo hapo, juu ya shukrani yote, akamwonea wivu upya.

Shule ya kwanza ikamaliza kuhama. Ya pili ikaanza.

"Kitinda."

"Naam, Dada."

"Bado nina wivu na wewe."

"Najua. Unabonyeza vitufe kama unaua sisimizi."

"Nakwambia mapema. Sidhani kama utaisha kesho."

"Jumatatu je?"

Mama Pacha alifikiri. "Jumatatu ni matokeo. Sitakuwa na nafasi." Akasogeza kiti chake upande, akaacha pengo mbele ya kioo. "Njoo hapa. Ule mstari wako wa nne kwenye mlinzi, sijauelewa. Nielekeze, na usicheke."